Ndovu wa Shilingi Ishirini Aliyekataliwa Nyaramba

Safari yote imenigharimu shilingi elfu mbili mia sita na arobaini. Nilipofika nyumbani nikahesabu tena, nikapata elfu mbili mia sita na sitini. Hiyo ishirini iliyozidi ndiyo habari ambayo mmekuwa mkiniuliza pale sokoni wiki nzima, mmoja mmoja, na kila mmoja akichagua wakati nina mteja mbele yangu. Nimeona niiandike mara moja, mpitishiane, mimi niendelee kuuza viatu.

Najua itafika pia kwa watu wasionijua, kwa hivyo niseme kwamba nauza viatu vya mitumba Keumbu, kando ya barabara, na nina dada mmoja, Kemunto, aliyeolewa Nyaramba. Mwezi uliopita Kemunto alijifungua msichana wakamwita Nyaboke. Mimi ndiye mjomba, nikaenda kumwona. Mnajua mtoto mchanga haangaliwi mikono mitupu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa sarafu ya ishirini, nikamwekea kiganjani, akaikamata kama mtu anayejua bei ya vitu. Kemunto akapiga picha, akanitumia. Na mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, sarafu hiyo sikuitazama hata mara moja.

Aliyeitazama ni Mwalimu Ombati, mteja wangu wa viatu vya ngozi namba arobaini na tatu. Nilimwonyesha picha ili amsifu mtoto. Hakumsifu. Aliivuta ile picha kwa vidole viwili mpaka mtoto akatoka nje ya kioo, ikabaki sarafu peke yake, akaniambia nisimwambie mtu, nije kwake Nyakoe Ijumaa.

Keumbu hadi Nyakoe

Ijumaa niliondoka asubuhi nikiwa na hakika kwamba saa kumi jioni nitakuwa nimerudi. Mpaka mjini Kisii nilipanda pikapu ya ndizi. Dereva alitaka mia moja. Nikamwambia mikungu yake imekaa vizuri na hailipi kitu, mimi nitakayesimama ndiye nilipe mia? Tukaachana kwa sabini. Kutoka mjini nikachukua bodaboda, nikafika Nyakoe saa tatu na nusu.

Mwalimu hakuwepo. Alikuwa amepeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia chai, na huko walikuwa wanamngoja mtu wa mizani. Mke wake akanikaribisha, akaniletea chai na ndizi mbivu, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha mbuzi. Mbuzi alikuwa mzuri. Mama akasema elfu saba. Kwa mazoea tu nikasema elfu tano. Tulipofika elfu tano na mia nane ndipo akaniuliza kama nimekuja na kamba, nami nikamweleza kwamba sikujia mbuzi, nilijia sarafu. Akanitazama sana. Akaniuliza kwa nini basi nilikuwa nashusha bei. Bei ilikuwa inashuka, na niliona si vizuri kuiacha njiani.

Mwalimu alifika saa tano. Alifundisha jiografia miaka mingi, na sasa kwenye kabati, mahali ambapo wengine huweka vikombe vya wageni, yeye ana daftari nene zenye mifuko ya plastiki, kila mfuko na sarafu yake. Akaniwekea ishirini ya kawaida mezani, ndovu amesimama katikati kwa heshima. Kisha akaniwekea picha yangu kando yake. Ndipo nikaona. Ndovu wangu alikuwa amesukumwa pembeni mpaka kichwa na mkonga vikatoka nje ya sarafu. Upande wa pili kulikuwa kumebaki kipande kitupu, kama mwezi mchanga.

Alinieleza kwamba mashine inayogonga sarafu huwa inapiga maelfu kwa maelfu, na mara moja moja sarafu hukaa vibaya chini ya muhuri, ikagongwa upande. Nyingi hukamatwa kabla hazijatoka. Inayoponyoka ndiyo watu wanaitafuta. Shida ni kwamba wajanja pia hutengeneza zao kwa nyundo na jiko, kwa hiyo hakuna mnunuzi wa maana atakayeamini neno la muuza viatu. Kuna kampuni huko Amerika ambazo kazi yao ni kuangalia sarafu tu. Wanaipima, wanaithibitisha, wanaipa namba ya ubora ambayo mwisho wake ni sabini, wanaifunga ndani ya plastiki ngumu isiyofunguliwa. Yeye ana wenzake Nairobi wanaokusanya za watu na kutuma kifurushi kimoja, na kinachofuata kinafungwa mwisho wa mwezi.

Nikauliza bei. Akasema kupima, kuandika hilo kosa, kutuma, bima na kurudisha, ni elfu ishirini na sita.

Nilimwomba arudie. Ilikuwa ileile.

Nikamuuliza ikirudi itauzwa ngapi. Mwalimu akasema inaweza kuwa elfu kumi, inaweza kuwa themanini, inategemea anayeitaka siku hiyo. Nikasema basi tuandike themanini. Akavua miwani.

"Wewe, hii si ndala. Huwezi kunibembeleza mimi niongeze bei ya kitu ambacho hata sijakishika."

Akanipa masharti. Isioshwe. Isipakwe majivu wala dawa ya meno. Ishikwe kwa ukingo. Nikamwambia iko kiganjani mwa mtoto wa mwezi mmoja ambaye kila kitu anakipeleka mdomoni. Akasema maziwa si kitu, mradi mtoto hana meno.

Nyakoe hadi Nyamira

Nilirudi mjini Kisii, nikapata gari la kwenda Nyamira, na hilo sina la kulisema ila kwamba nililipa bei waliyotaja, jambo ambalo lilinisumbua mpaka tulipofika. Kichwani nilikuwa na hesabu. Elfu ishirini na sita ni nusu ya mzigo wangu wa viatu wa mwezi. Ikirudi na themanini, nimepata faida ya mzigo mzima. Ikirudi na kumi, nimeuza jozi themanini bure.

Na kulikuwa na jambo lingine nililokuwa nalizunguka bila kulikanyaga. Sarafu haikuwa yangu. Pesa uliyomwekea mtoto mkononi hairudi mfukoni mwako. Hiyo hata mlevi anaijua.

Nyamira mvua ilinipokea saa nane kamili, ile ya huku kwetu isiyokuja kwa matone. Nikakimbilia hoteli moja karibu na stendi, nikaagiza chapati mbili na maharagwe. Nikampigia Mwalimu kumuuliza kama unyevu ni hatari. Kwa kelele za mabati ilibidi niongee kwa sauti kidogo. Nilisema ndovu bado yuko Nyaramba, kwa mama mkwe wa dada yangu, kwamba kichwa hakipo lakini mwili ni mzima, na kwamba nitamleta leo leo kama hajaloa.

Nilipokata simu, mzee mmoja meza ya pili alikuwa ameacha kutafuna. Akasogea na sahani yake. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba yeye ni mtu wa kanisa, ana watoto, na hataki kujua mengi, ila kama nina njaa kiasi cha kuuza pembe, kuna kazi ya kuchuma chai kwa shemeji yake. Nilimwonyesha picha. Aliishika simu kwa muda mrefu, akaangalia mtoto, akaangalia ndovu, akacheka mpaka akakohoa, kisha akalipia chapati moja. Moja, si mbili. Niliihesabu hiyo chapati kwenye upande wa mapato.

Mvua iliisha saa kumi. Kabla sijaondoka nilinunua sukari kilo mbili, mkate na majani chai, maana kwa wakwe wa dada yako huendi umening'iniza mikono.

Nyamira hadi Nyaramba, jua likishuka

Bodaboda wa kwanza alisema mia tano kwa sababu ya matope. Wa pili alisema mia nne. Nikawaacha wazozane wao kwa wao, nikaondoka na wa tatu kwa mia tatu, naye akaniteremsha mahali pikipiki ilipokataa, nikamalizia kwa miguu nimeshika viatu mkononi. Muuza viatu akitembea peku, watu huuliza maswali. Nilijibu matatu.

Sasa nakiri kosa langu, na ninyi wenzangu wa Jumapili mngelifanya vilevile. Mimi ni Mkatoliki. Ijumaa kwangu ni Ijumaa tu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba boma lile ni la Wasabato, na kwamba jua la Ijumaa likigusa kilima, mambo ya pesa yanafungwa mpaka lizame tena kesho yake.

Mama Makori, mama mkwe wa Kemunto, alikuwa mlangoni na maji ya kuosha miguu. Mwanawe Makori yuko Narok kwa kazi ya ujenzi, kwa hiyo boma ni lake. Alipokea sukari, akanisalimia vizuri, lakini vizuri ya mbali, kama mtu anayepokea barua ya shule. Nilipoketi tu nikaanza.

"Mama, kuna jambo dogo nimelijia. Ile sarafu niliyompa mtoto..."

Akainua mkono. "Najua kilichokuleta, baba. Na ni vizuri umekuja mwenyewe. Lakini angalia jua. Hayo ni ya kesho likizama."

Nikamtazama Kemunto. Kemunto akatazama chini.

Tulikula ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, chungu kidogo kama inavyopaswa, na nilikula kama mtu asiye na shida. Nililala nikijiuliza huyu mama amejuaje.

Jumamosi, bila kwenda popote

Siku hiyo nauli ilikuwa sifuri, na ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Tulienda kanisani saa mbili na nusu. Kulikuwa na masomo, kisha mahubiri, kisha matangazo yaliyokuwa marefu kama mahubiri. Mimi nilikaa upande wa wanaume, na kwa mbele kushoto nilimwona Mama Makori na Kemunto, Nyaboke akiwa amelala begani mwa mama yake.

Ukafika wakati wa sadaka. Mama Makori akafungua kitambaa chake. Kutoka nilipokaa niliona sarafu zikimwagika kiganjani, na katikati yake, jamani, niliiona ile mwenyewe, na kile kipande chake kitupu kinang'aa. Mfuko wa sadaka ulikuwa umebakisha watu wanne. Nikafikiria kusimama. Nikafikiria kukohoa. Mtu anasimamaje kanisani kwa watu, kuzuia mama mzima kumpa Mungu shilingi ishirini?

Mfuko ulipomfikia, akachambua kwa kidole, akatoa arobaini nyingine, na ndovu wangu akamrudisha kwenye kitambaa na kufunga fundo. Niliimba wimbo uliofuata kwa sauti ambayo jirani yangu aligeuka kuitazama.

Jua lilipozama, tukafunga Sabato kwa maombi. Ndipo Mama Makori akaleta kitambaa mezani, akafungua fundo, akaisukuma sarafu kwangu kwa ncha ya kidole kama mtu anayesukuma mende.

Akaeleza. Watu walipomaliza kumwona mtoto, alikusanya zile pesa zote, mia saba na ishirini, akaenda nazo sokoni kumnunulia Nyaboke kuku wa kuanzia maisha. Ndivyo anavyofanya kwa wajukuu wake wote. Kuku anazaa, anakuwa mbuzi, mbuzi anakuwa karo. Muuza kuku akahesabu, akafika kwenye ile ishirini, akasimama. Akaipindua. Akaikwaruza kwa ncha ya kisu. Akaiinua juu, akauliza soko zima kama kuna aliyewahi kuona ndovu asiye na kichwa. Kisha akamrudishia mama pesa zake zote, na kuku akabaki kwake, akisema zikiwa na moja feki hajui nyingine zikoje.

"Nimekaa soko hilo miaka thelathini," Mama Makori alisema. "Sijawahi kuitwa mwizi. Nimeitwa kwa ajili ya mkono wako. Sikukupigia simu, maana mtu na mkwewe hawavunjiani heshima kwa simu. Nilisema kama ana aibu atakuja. Umekuja."

Wenzangu, nilielewa polepole. Huyu mama alidhani nimekuja kuomba msamaha wa pesa feki. Na alikuwa ananipa sarafu. Alikuwa anaitaka itoke nyumbani kwake. Alichotaka ni ishirini safi, na kuku, kwa ajili ya aibu.

Miaka yote niliyokaa sokoni sijawahi kuona mwenye mali akinisihi nichukue mali yake. Nilitoa ishirini safi. Kuku nilijaribu kumshusha mpaka jogoo mdogo, akakataa, tukakubaliana nitoe mia sita na hamsini amnunue mwenyewe. Nikaichukua ile sarafu kwa ukingo, kama Mwalimu alivyosema. Kisu kilikuwa kimeacha mkwaruzo kwenye kile kipande kitupu, mrefu kama punje ya mchele. Nikaifunga kwenye karatasi, nikaiweka mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Sikusema kitu. Nilijiambia nimeilipia mara mbili, mwezi uliopita na leo, na kitu ulichokilipia mara mbili ni chako hata ukiulizwa na nani.

Nyaramba hadi darajani, na kurudi

Jumapili asubuhi Kemunto alinisindikiza, mtoto mgongoni. Kuna daraja la mbao pale chini ambapo wasindikizaji hurudi. Tulikuwa tumefika hapo, na nilikuwa na haraka, kwa sababu mtu aliyepata bei nzuri kupita kiasi hasimami karibu na muuzaji.

Kemunto akasimama. Akaniambia asante.

Nikasema asante ya nini, kuku ni kuku tu.

"Si kuku. Wiki tatu hizi nimekaa na hayo maneno. Nikipika, kimya. Nikichota maji, wale mama wa sokoni wananiuliza kama kwetu tunachapisha pesa. Nilisema ndugu yangu hawezi. Nikasema akijua, atakuja mwenyewe. Mama alisema hutakuja. Na umekuja, na mvua yote hii, bila hata kuambiwa."

Mtoto akafungua jicho moja, akanitazama. Sisemi lolote kuhusu jicho hilo, watoto hutazama ovyo. Lakini nilihesabu. Nilikuwa na sarafu ya labda themanini elfu mfukoni, niliyoitoa kwa mwenyewe kwa ishirini na kuku, na dada yangu ananishukuru kwa kumtoa aibu ambayo nilikuwa naondoka na kuiacha palepale. Maana mimi ndiye niliyekubali mbele ya mama mkwe wake kwamba tuligawa pesa feki. Niliikubali kwa kunyamaza. Nikahesabu mara ya pili. Ilikuwa ileile.

Nikamwambia Kemunto ukweli wote, pale darajani. Kisha akageuka, akaanza kupanda kilima, akasema bila kuangalia nyuma: "Hiyo utamwambia mwenyewe. Mimi nitaweka chai."

Mama Makori alinisikiliza hadi mwisho akiwa anapepeta maharagwe. Niliposema elfu themanini, ungo ulisimama. Niliposema kwamba jana nilijua na nikanyamaza, ukaendelea.

"Ng'ombe zetu za mahari mlichukua watano," alisema. "Ukaona uongeze na ndovu."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa shilingi ishirini."

"Na kuku."

"Na ukajaribu kunipa jogoo mdogo."

Nilikubali na la jogoo. Akanyoosha mkono, nikamrudishia sarafu. Nikamuuliza, kwa adabu, kuhusu ile ishirini safi. Akasema hiyo inabaki, ni ya kunyamaza. Ndiyo hiyo iliyoharibu hesabu yangu ya kwanza.

Tulipokunywa chai nikampigia Mwalimu na kuweka sauti wazi ili kila mtu asikie. Nikamweleza kuhusu mkwaruzo. Mwalimu alivuta pumzi kama mtu aliyekwaruzwa yeye. Akasema sasa namba hawatatoa. Watathibitisha kwamba ni sarafu halali, kwamba kosa ni la mashine na si la mtu, kisha wataandika kwamba imekwaruzwa. Kwa bei, alisema, labda tutarudisha gharama, na labda hata hizo tusizirudishe. Ushauri wake kama rafiki ni tuiweke kabatini.

Mimi nilishakata shauri hapohapo. Elfu ishirini na sita kwenda, labda elfu ishirini kurudi. Hata mtu wa kuuza jozi moja kwa siku anaona hilo. Nikasema basi, Mwalimu, tuachane nayo.

"Ngoja," akasema Mama Makori. Akaisogelea simu. "Mwalimu, hao watu wataandika kwamba si feki?"

"Ndiyo, Mama. Inafungwa na maandishi yake. Mtu yeyote anasoma."

"Kwa maandishi ya mashine, si ya mkono?"

"Ya mashine, Mama."

Akanigeukia. "Basi ipeleke."

Nilimweleza polepole, kwa heshima zote za mtu na mkwewe, kwamba elfu ishirini na sita ni ndama wa kike anayeonekana kwa macho. Nikaeleza tena kwa njia nyingine, kwamba ni kuku arobaini. Alinisikiliza. Alisema hesabu zangu ni nzuri, na kwamba hata jana zilikuwa nzuri. Lakini yeye hakuitwa mwizi na ndama. Aliitwa mwizi mbele ya soko, kwa sababu ya sarafu hiyo, na mjukuu wake atakua akiitwa mtoto wa ishirini feki. Akitaka kujibu, atajibu kwa sarafu hiyohiyo.

"Ikirudi na plastiki yake," alisema, "nitamfunga Nyaboke mgongoni, niende pale kwa muuza kuku siku ya soko, nimpe aisome kwa sauti. Sitasema neno."

Kemunto alikuwa amegeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na alikuwa anacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu aolewe.

Tulipatana, na katika maisha yangu sijawahi kupatana vibaya hivyo. Sarafu ni ya Nyaboke. Gharama ni yangu, kwa sababu ya jana. Ikiuzwa siku moja, narudishiwa changu kwanza, lakini haiuzwi kabla haijasomwa na muuza kuku. Nilijaribu kuingiza kwamba gharama tugawane nusu kwa nusu na Makori wa Narok. Mama aliniuliza kama Makori ndiye aliyenyamaza.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliichukua sarafu, akaifunga kwenye kitambaa chake mwenyewe, kile cha sadaka, akanipa mkononi. "Nenda nayo," alisema. "Sasa najua utarudi."

Nyumbani Keumbu

Njia ya kurudi haina mengi. Mvua ilichelewa, Nyamira nilikula chapati moja, yule mzee hakuwepo, na mjini Kisii nilimkuta dereva wa ndizi akirudi bila mzigo. Alitaka sabini tena. Sasa nilikuwa nimekaa, kwa hiyo nililipa.

Sarafu iko hapa mbele yangu, kwenye kitambaa. Mzigo wa viatu unaingia wiki ijayo na pesa zake ziko tayari, zimehesabiwa. Nikilipia sarafu, nitachukua nusu mzigo, na mtaniona nimekaa na viatu vichache mpaka mambo yakae sawa. Kifurushi cha Nairobi kinafungwa mwisho wa mwezi. Mwalimu bado anasema kabatini. Mke wa Mwalimu ametuma salamu kwamba mbuzi bado yupo, kwa elfu tano na mia nane.

Mliniuliza ilikuwaje, ndiyo hiyo. Na mimi sasa nawauliza ninyi, mnaojua biashara na mnaonijua: nitoe elfu ishirini na sita ili mtu mmoja wa kuku asome karatasi kwa sauti, au niiweke kabatini? Hesabuni mara mbili kabla ya kunijibu. Atakayesema kabatini, nitamsikiliza vizuri kabisa. Ninachomwomba tu ni kwamba ampigie kwanza Mama Makori amweleze yeye sababu. Namba ninayo, na simu yangu ina salio.